Karajan wa mwaka gani? Kumpima mwongozaji wa okestra kwa rekodi zake

Hotuba hii ilitolewa mjini Moshi mbele ya walimu wa kwaya na wapenzi wa muziki wa okestra. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu wa kwaya, wazee wetu wa bendi za tarumbeta, vijana mnaojifunza fidla na kinanda, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Hivi karibuni kijana mmoja wa kwaya yetu alinijia akiwa na simu mkononi. Alitaka kuisikiliza Simfoni ya Tano ya Beethoven kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaitafuta, na pale alipotarajia kukuta muziki mmoja akakuta orodha ndefu ya rekodi, kila moja ikiwa na jina la mtu mwingine. Akaniuliza, "Mwalimu, nisikilize ya nani?" Nikamjibu papo hapo kwamba asikilize ya mwongozaji Karajan. Haukupita muda akarudi. "Mwalimu, Karajan wa mwaka gani?"

Nilinyamaza. Swali lake lilikuwa zito kuliko jibu langu, kwa kuwa lilinidai nieleze jambo ambalo nimelifanya kwa miaka mingi bila kulitamka. Je, mtu anampimaje mwongozaji wa okestra kwa kusikiliza rekodi zake? Tunapima nini hasa? Uzuri wa sauti? Kasi? Jina? Leo nimekuja kulijibu swali la kijana yule mbele yenu, na naomba mnivumilie, kwa sababu jibu lake si fupi.

Herbert von Karajan alizaliwa Salzburg, nchini Austria, mwaka 1908. Alikabidhiwa okestra ya Berlin Philharmonic mwaka 1955, baada ya Wilhelm Furtwängler kufariki mwishoni mwa mwaka 1954, akakaa nayo hadi miezi michache kabla ya kifo chake mwenyewe mwaka 1989. Nimemchagua kwa sababu moja kubwa: alirekodi simfoni zote tisa za Beethoven studioni mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa na okestra ya Philharmonia ya London, kati ya 1951 na 1955. Mara ya pili na Berlin Philharmonic, kati ya Desemba 1961 na Novemba 1962. Mara ya tatu na okestra hiyo hiyo, kati ya 1975 na 1977. Na mara ya nne, bado na Berlin, kati ya 1982 na 1984, wakati rekodi za dijitali zilipokwisha kuingia. Mtunzi ni yule yule, nota ni zile zile, mwongozaji ni yule yule.

Nyinyi mliowahi kuketi kwenye meza ya waamuzi katika mashindano ya kwaya mnaijua thamani ya hali kama hiyo. Kwaya ikiimba wimbo iliouchagua yenyewe inaweza kuuficha udhaifu wake, lakini zinapoimba zote wimbo ule ule uliopangwa, moja baada ya nyingine, hakuna pa kujificha, na ni hapo mwamuzi anapopata haki ya kulinganisha. Karajan alijipangia mwenyewe wimbo wa mashindano, akausimamia mara nne katika muda wa zaidi ya miaka thelathini. Ni waongozaji wachache waliotuachia nafasi ya kuwapima namna hiyo.

Jambo la kwanza ninalotaka kulisema ni hili: kabla hujampima mtu, jua unasikiliza kitu gani.

Rekodi yangu ya kwanza ya Simfoni ya Tano ilikuwa kaseti, niliyonakiliwa kutoka kwenye santuri nikiwa mwanafunzi. Ilikuwa ya Karajan na Berlin, ile ya mwaka 1962. Niliipenda kupita kiasi. Niliwaambia wenzangu kwamba mwongozaji huyu ana moto ambao wengine hawana, kwamba fidla zake zinakatiza hewa, kwamba anausukuma muziki mpaka msikilizaji anakosa pumzi. Nilisema hivyo kwa miaka. Jioni moja nikakaa kwenye kinanda cha kanisa, redio ya kaseti ikiwa kwenye benchi pembeni, nikataka kuzipiga pamoja na okestra zile noti nne za mwanzo ambazo walimu wa solfa mnazijua: mi mi mi doo. Simfoni hiyo imeandikwa katika kii ya C maina, kwa hiyo zile noti tatu za kwanza ni G. Nikabonyeza G. Haikukubaliana na redio. Nikarudia mwanzo, nikabonyeza tena, bado. Nikasogeza kidole hadi kitufe cheusi kinachofuata, yaani G shapu, na ikakaa sawasawa.

Mnaelewa maana yake, walimu wenzangu? Kaseti yangu ilikuwa inakimbia. Ili sauti ipande nusu toni, lazima mashine izunguke kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia sita, na simfoni ya dakika 31 hivi ikichezwa kwa kasi hiyo hupungukiwa na karibu dakika mbili nzima. Sehemu ya moto ule niliomsifia Karajan ilikuwa kazi ya mota ya redio. Nilipokuja kuisikia rekodi yenyewe ikiwa katika kii yake, miaka kadhaa baadaye, niliiona nzito, nikahuzunika kama mtu aliyepoteza rafiki. Ilinichukua muda kutambua kwamba ndio kwanza nilikuwa nimekutana naye.

Kuna mitego mingine iliyojificha zaidi ya huo. Rekodi za 1962 zilifanyika katika kanisa la Jesus-Christus-Kirche, mtaa wa Dahlem, jijini Berlin. Ukumbi wa zamani wa okestra ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu Januari 1944, na mafundi wa kurekodi walikuwa wamegundua kwamba kanisa hilo lina mwangwi wa kupendeza. Ukumbi mpya, Philharmonie, ulifunguliwa Oktoba 1963, Karajan akiongoza Simfoni ya Tisa, na rekodi za miaka ya 1970 na 1980 zilifanyika humo. Kwa hiyo msikilizaji anapotuambia kwamba Karajan wa 1962 ana joto, na Karajan wa 1984 ana ukali kama wa chuma, inatupasa kumwuliza: ndugu yangu, ni kiasi gani cha joto hilo ni cha mtu, na ni kiasi gani ni cha kuta? Nyinyi mmeimba katika kanisa la mawe, na wiki iliyofuata mkaimba wimbo ule ule uwanjani, chini ya turubai. Je, mliomba kupimwa kwa sauti ya turubai?

Kuna pia utepe wa kurekodia. Studioni muziki hukatwa na kuungwa. Kile unachokisikia kama pumzi moja ndefu huenda ni vipande vya siku mbili tofauti, vilivyounganishwa kwa ustadi ambao sikio haliwezi kuugundua. Kwa waongozaji wengine tungeweza kusema kwamba huo ni mkono wa fundi. Kwa Karajan hatuwezi kusema hivyo kwa urahisi, kwa sababu mambo ya sauti na mitambo aliyafuatilia kwa karibu mno. Mwaka 1981, kampuni za Sony na Philips zilipoitambulisha CD kwa waandishi wa habari mjini Salzburg, yeye ndiye aliyeketi mbele kuitetea. Rekodi kwake ilikuwa kazi ya sanaa inayojitegemea, na tumpime kwa kipimo hicho.

Mashine imekuwa ikiuwekea muziki masharti tangu zamani. Mwongozaji Arthur Nikisch aliporekodi Simfoni ya Tano na Berlin Philharmonic mwaka 1913, wapigaji walikusanyika mbele ya pembe la kunasia sauti, na muziki ukakatwakatwa kufuata urefu wa upande mmoja wa santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alikutana na sharti lile lile: upande wa santuri ukijaa, wimbo umekwisha. Mtu anayewasikiliza hao leo bila kulikumbuka sharti hilo atawahukumu kwa kosa ambalo si lao.

Jambo la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo nitakalokaa nalo kwa muda mrefu. Fungua nota. Fungua nota, ndugu zangu, kabla hujafungua kinywa. Mwongozaji hapigi ala yoyote. Kazi yake yote ni kuamua, na huwezi kuyajua maamuzi ya mtu kama hujui aliwekewa nini mezani.

Tuanze na zile noti nne. Mi mi mi doo, kisha re re re tii. Kila kundi linaishia kwenye noti iliyotiwa alama ya kushikilia, ambayo humpa mwongozaji uhuru wa kuivuta noti kadiri aonavyo. Wengi huzishika noti hizo mbili kwa urefu sawa, kama pacha. Lakini tazameni kwenye nota. Noti ya kwanza iliyoshikiliwa imepewa kipimo kimoja tu, yaani fungu moja la mapigo kati ya mistari miwili ya wima. Ile ya pili imepewa vipimo viwili vilivyofungwa pamoja. Beethoven aliongeza kipimo kizima kwa ajili ya noti ambayo tayari ina alama ya kuivuta. Kwa nini ahangaike hivyo, kama hakutaka ya pili iwe ndefu kuliko ya kwanza? Sasa una swali la kumwuliza mwongozaji yeyote duniani, na utalipata jibu lake kabla sekunde kumi na tano hazijapita. Je, aliiona tofauti hiyo?

Tuje kwenye Simfoni ya Tatu, ile ya kishujaa, ambayo hadhara ya Vienna iliisikia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Theater an der Wien mwezi Aprili 1805. Sehemu yake ya kwanza ina vipimo 691. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha kasi alizozitaka kwa simfoni zake nane za kwanza, akitumia metronomu, chombo cha kupimia kasi ambacho wakati huo kilikuwa kipya, na kwa sehemu hii aliandika vipimo 60 kwa dakika, yaani kipimo kimoja kwa sekunde. Fanyeni hesabu pamoja nami. Vipimo 691 kwa kasi hiyo ni dakika kumi na moja na nusu. Karajan katika rekodi ya 1962 anatumia zaidi ya dakika kumi na nne na nusu. Na si hivyo tu. Beethoven aliweka alama ya kurudia sehemu ya mwanzo, zaidi kidogo ya moja ya tano ya vipimo vyote, na Karajan hairudii. Dakika zake hizo ni za safari moja tu. Kama angeifuata kasi iliyoandikwa, angeweza kuyafanya marudio hayo na bado akamaliza mapema kuliko alivyomaliza bila kuyafanya.

Je, marudio hayo yana maana yoyote? Ndugu yake Beethoven, Carl, aliwaandikia wachapishaji wa Leipzig mwaka 1805 akaeleza kwamba mwanzoni kaka yake alidhani simfoni ingekuwa ndefu mno pamoja na marudio, lakini baada ya kuisikia ikipigwa mara kadhaa aliona kwamba kuyaacha kunaiharibu. Huo ni ushahidi mzito. Mimi nauhesabu upande wa lawama, nami simwonei haya Karajan kwa sababu ya ukubwa wa jina lake.

Lakini sasa tega sikio. Ukiisikiliza rekodi hiyo ya 1962 bila saa mkononi, huioni kuwa ya polepole. Mipigo miwili mikubwa ya mwanzo inapokwisha, selo zinaingia na wimbo ambao hauna kitu cha ajabu, do mi, do so, do mi so do, wimbo ambao mtoto angeweza kuupiga kwenye filimbi, kisha ghafla, katika kipimo cha saba, zinashuka hadi noti ambayo haimo kabisa katika kii hiyo. Waongozaji wengine huibonyeza noti hiyo ili tuione. Karajan anaipita kama mtu anayevuka kivuli njiani bila kupunguza mwendo, na kwa sababu hakusimama, kivuli kile kinaendelea kutufuata nyuma. Mstari wake haukatiki. Huo mstari mrefu usiokatika ndio kipawa chake, nao unanishawishi kuliko saa inavyonishtaki. Yeyote anayepima kwa saa peke yake ataukosa.

Katika sehemu hiyo hiyo kuna mahali pengine pa kumtegea mwongozaji. Karibu na pale wimbo wa mwanzo unapotaka kurejea, fidla zikiwa bado zinatetemeka kwa sauti ya chini kabisa, baragumu moja inaingia na wimbo huo vipimo vinne kabla ya wakati, juu ya noti za fidla zinazogongana nayo. Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, alisimulia kwamba katika mazoezi ya kwanza alikuwa amesimama kando ya mwalimu wake, akadhani mpigaji amekosea kuhesabu, akalitamka hilo kwa sauti, na nusura apigwe kofi. Beethoven hakumsamehe upesi. Alikuwa ameikusudia. Basi mwongozaji aifanyeje baragumu hiyo? Ailainishe hadi mgongano usisikike, au aiache igongane? Karajan, kwa sikio langu, anaileta kama sauti ya mtu anayeita kutoka ndani ya ukungu: mgongano umo, ila umefunikwa. Mimi ningependa usikike zaidi. Huenda mmoja wenu akaona alivyofanya yeye ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa nota yenyewe inataka sauti ndogo kabisa. Hapo tunaweza kubishana vizuri, kwa kuwa sote wawili tunajua tunabishania nini.

Kwa Simfoni ya Sita, ile ya mashambani, sioni hata la kubishania. Katika rekodi ya 1962 Karajan anaikimbiza sehemu ya kwanza kama mtu anayewahi basi, wakati Beethoven mwenyewe ameiandikia kwamba ni kuamka kwa hisia za furaha mtu anapofika shambani. Katika sehemu ya tatu, kwenye ngoma ya wanakijiji, anayaacha marudio ambayo Beethoven aliyataka, na ngoma inakwisha kabla wachezaji hawajatoa jasho. Dhoruba inapowashukia, inawakuta watu ambao hawakuwa wamechangamka vya kutosha kukatizwa furaha yao. Hilo ni kosa, na linauma, kwa sababu okestra ile ingeweza kuupiga muziki huu kwa utamu usio na kifani.

Jambo la tatu: nota ikishafunguliwa, usiigeuze kuwa rungu.

Nasema hivyo kwa sababu ya mwongozaji mwingine, Carlos Kleiber, ambaye hakufanana na Karajan hata kidogo. Alizaliwa Berlin mwaka 1930, akakulia Amerika ya Kusini, na hadi alipofariki mwaka 2004 alikuwa ameacha rekodi chache sana za simfoni. Simfoni ya Tano aliirekodi Vienna mwaka 1974, na ya Saba akairekodi na okestra hiyo hiyo ya Vienna Philharmonic kuanzia mwishoni mwa 1975. Katika Simfoni ya Tano anayafanya marudio ya sehemu ya mwisho ambayo Karajan anayaacha, na ukiyasikia utashangaa jinsi ule ushindi wa C meja unavyozidi kung'aa ukirudiwa. Ni mwongozaji anayeiheshimu nota, ungesema. Basi nenda kwenye Simfoni ya Saba, mwisho kabisa wa sehemu ya pili. Nota inawataka wapigaji wa fidla, waliokuwa wakidonoa nyuzi kwa vidole, warudi kwenye upinde kwa vipimo vya mwisho. Kleiber hawaruhusu kurudi. Wanaendelea kudonoa hadi mwisho, noti kavu moja baada ya nyingine, kama matone ya mwisho ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye ukingo wa paa. Baba yake, Erich Kleiber, naye mwongozaji mkubwa, alifanya vivyo hivyo kabla yake.

Je, tumhukumu kwa kuvunja agizo? Nimeisikiliza sehemu hiyo nikiwa na nota mkononi zaidi ya mara ninazoweza kuzihesabu, na kila mara nalazimika kukiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba Beethoven hakuandika hivyo, na kwamba mtu huyu amefikiri. Hakupitiwa. Aliona agizo, akalipima, akaenda kinyume nalo akijua gharama yake. Kati ya mwongozaji anayeacha jambo kwa sababu hakuliona na mwongozaji anayeliacha kwa sababu amekata shauri kuna umbali mkubwa, na sikio lililozoea huusikia umbali huo. Nikirudi kwa Karajan na ile ngoma ya wanakijiji, sisikii kukata shauri. Nasikia haraka.

Walimu wa kwaya mtataka niseme neno juu ya Simfoni ya Tisa, kwa kuwa ndiyo yenye kwaya. Katika rekodi ya 1962 waimbaji wakuu ni Gundula Janowitz, Hilde Rössel-Majdan, Waldemar Kmentt na Walter Berry, pamoja na kwaya ya Wiener Singverein. Janowitz anaimba kana kwamba sauti haitoki kooni bali imeshuka tu kutoka juu. Kwaya, hata hivyo, naisikia ikiwa mbali, maneno yake yakifunikwa na wingi wa sauti. Mwalimu yeyote aliyemo humu angesimamisha mazoezi na kudai konsonanti. Katika rekodi ya 1977, ambamo wanaimba Anna Tomowa-Sintow, Agnes Baltsa, Peter Schreier na José van Dam, sehemu tatu za ala peke yake zina nguvu ambayo sijaisikia katika rekodi zake nyingine, hasa sehemu ya kwanza, ambayo inainuka kama mawimbi ya kusi. Nikilazimishwa kubaki na Tisa moja ya Karajan, nitabaki na hiyo.

Jambo la nne nitalisema kwa ufupi, lakini nalisema kwa uzito. Karajan alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Kumbukumbu za chama hicho zinaonyesha alijiandikisha tangu mwaka 1933. Baada ya vita alizuiwa kwa muda kuongoza hadharani. Erich Kleiber, yule yule niliyemtaja, alijiuzulu katika jumba la opera la serikali mjini Berlin mwishoni mwa 1934 kwa sababu watawala waliupiga vita muziki wa mtunzi Alban Berg, akaondoka Ujerumani. Ndiyo maana mwanawe alikulia Amerika ya Kusini. Wanaume wawili, kazi moja, mji mmoja, na njia mbili.

Hilo lisifichwe, na anayeshindwa kumsikiliza Karajan kwa sababu hiyo ana haki yake, nami siwezi kumlaumu. Ninachokataa ni kulichanganya katika kupima. Nimewahi kumsikia msomi akisema kwamba anausikia udikteta katika sauti laini ya fidla za Berlin. Nimewahi kumsikia mwingine akisema kwamba katika rekodi za 1982 hadi 1984 anausikia uzee, maumivu ya mgongo, na ugomvi uliozuka siku hizo kati ya mzee yule na wapigaji wake. Ugomvi huo ulikuwepo kweli. Lakini je, wameusikia, au wameusoma? Wiki moja baadaye nilimpigia huyo wa pili vipande vinne vya Simfoni ya Nane bila kumwambia ni vya mwaka gani, na uzee akauweka kwenye kipande cha miaka ya 1970. Sikumfedhehesha, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kuusifia moto wa mota ya redio. Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu: ninapolinganisha rekodi, mtu mwingine ndiye anayeziweka, na majina yanafunikwa.

Basi kijana wangu yumo humu ukumbini, namwona pale nyuma, na amesubiri vya kutosha. Karajan wa mwaka gani? Anza na wa 1962, mwanangu, kwa ajili ya Tatu na Tano, kwa kuwa hapo nguvu na mstari vimekutana, na kanisa la Dahlem limevipa nafasi ya kupumua. Kwa ya Tisa chukua ile ya 1977. Ile ya London ya miaka ya 1950, ambayo karibu yote ni ya mono, yaani sauti ya mkondo mmoja tu, usiidharau. Okestra ni nyepesi, na mwongozaji bado ana kitu cha kuthibitisha. Ya 1982 hadi 1984 iache iwe ya mwisho, maana sauti yake ni kavu na inachosha sikio, ingawa mzee hajaupoteza ule mstari wake. Na kwa Simfoni ya Sita, usimfuate Karajan kabisa. Nenda kwa mwingine.

Sasa kila mmoja ana karatasi ya nota niliyoigawa mlangoni. Ni sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tano. Tazameni kipimo cha 59. Pale baragumu zinapiga mwito kwa nguvu, peke yake, kufungua mlango wa wimbo wa pili. Mwito huo unarudi katika kipimo cha 303, lakini kii imebadilika, na baragumu za wakati wa Beethoven hazikuwa na vali kama tarumbeta zenu, wazee wangu. Ili zipige katika kii hiyo mpigaji angelazimika kubadilisha bomba, na muda haukuwepo. Kwa hiyo Beethoven aliwapa mwito huo wapigaji wa basuni, ala ya mbao yenye sauti ya chini, lakini dhaifu kuliko ya baragumu. Katika karne iliyopita waongozaji wengi, wakiwa na baragumu za kisasa zinazoweza kila kitu, waliurudisha mwito huo kwa baragumu, wakisema kwamba hivyo ndivyo Beethoven angefanya kama angeweza. Wengine walisema hapana, sauti ile dhaifu ya basuni ndiyo aliyoiandika, na ndiyo inayotakiwa.

Sitawaambia Karajan aliwapa nani. Wekeni kidole kwenye kipimo cha 303, mfumbe macho kikikaribia, kisha mniambie mmesikia nini na kama mnakubaliana naye. Fundi wetu ameipima mashine asubuhi ya leo kwa kinanda, na G ni G. Tafadhali, anza.